Mshahara wa miezi kumi, tumbo la miezi kumi na mbili

Mwezi huu barua karibu zote ni za kusota. Nimechagua tatu, mbili za hapa Malindi na moja ya Amu. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake pia refu, mnisamehe, lakini najua wengi mnaofanya kazi za hoteli mtajiona humo ndani.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni dada wa miaka 31 naishi Muyeye, nafanya kazi hoteli moja ya ufuoni upande wa hausikiping, jina naomba ulifiche. Mshahara wangu kwa karatasi ni 28,000, lakini pesilipu ikitoka wamekata NSSF ya uzeeni 1,680, SHIF ya matibabu 770, ile ya nyumba 420 na kodi ya PAYE 282 na senti, naingiziwa 24,847 benki. Sasa mama hii pesa siioni. Nikiivuta tu kwa simu Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, yachukua yake kama 3,400, kuna mkopo mwengine wa simu wa 5,000 naulipa 5,375 kila mwisho wa mwezi halafu nauchukua tena, dukani daftari 4,200, nyumba 5,500, chama 2,000, na mamangu yuko Marafa namtumia 2,000. Nikimaliza kulipa nabaki na elfu mbili na kitu na hapo sijanunua tokeni ya stima, sijapanda tuktuk, mtoto hajala. Tarehe nne tano hivi nishaanza kufuliza tena. Sinywi, sivai, sina starehe yoyote, hata simu yenyewe kioo kimepasuka naisomea pembeni.

Na si hayo tu, kila Aprili ikiisha hoteli inafungwa sababu ya mvua na wageni hakuna, twarudishwa nyumbani bila mshahara mpaka Julai. Watu waniambia niandike bajeti, nimeandika mpaka kitabu kimejaa. Chama zamu yangu ni Disemba, tuko watu kumi kwa hivyo ni elfu 20, natamani ninunue sofa manake mgeni akija namkalisha kitandani. Nakosea wapi mama?

JIBU

Marahaba mwanangu. Hilo la nakosea wapi liweke kando kwanza, nimeipitia hesabu yako na sijaona pahali umetapanya. Wale wa kukwambia uache chai na hamri la asubuhi wapuuze, hamri la shilingi kumi halijamfilisi mtu Malindi hii.

Hebu chukua kalamu. Jumlisha Fuliza, ule mkopo na daftari, hizo tatu peke yake ni 12,975, zaidi ya nusu ya pesa unayoingiziwa. Na hizo si matumizi ya mwezi huu, hizo ni sima na maharagwe mliyokula mwezi uliopita yakaisha na vyombo vikaoshwa. Yaani mshahara wa Oktoba wailipa Septemba, na Oktoba yenyewe itangoja ya Novemba, uko nyuma mwezi mzima na kila mwezi wakimbia kufika palepale. Ndo maana bajeti haikushiki, waiandika bajeti ya pesa ambayo tayari ni ya watu. Ikiingia tarehe 30 yapita tu kwako yaenda kwa wenyewe.

Sasa ya pili, na hii ndo kubwa, wala hukuiuliza. Wewe wajihesabia kwamba unalipwa 24,847 kwa mwezi. Hulipwi hivyo. Unalipwa hivyo miezi kumi, Julai mpaka Aprili, halafu Mei na Juni sufuri, na mwenye nyumba hajui kama hoteli imefungwa, Mei yeye agonga mlango vilevile. Chukua 24,847 zidisha kwa kumi ni 248,470, gawa kwa kumi na mbili. Inatoka 20,700 hivi. Huo ndo mshahara wako. Ile elfu nne na mia moja ya juu yake si yako, ni ya yule wewe wa Mei aliyekaa nyumbani mvua ya masika yampigia mabati. Ukiila Novemba, Mei utaikopa kwa mtu mwengine na kwa bei yake yeye.

Nimekaa dirishani Sacco, chama cha akiba na mikopo, miaka mingi kabla ya kuandika hapa, na watu wa hoteli nilikuwa nawajua kwa msimu. Agosti na Disemba waja kulipa wakicheka, Mei waja kuomba. Mvuvi hapa kwetu hukuti akipanga mwaka wake kama kusi haiji, ajua kabisa ikianza kuvuma kuna siku chombo hakitoki, lakini sisi wa mshahara tukishaandikiwa barua yenye neno mwezi twadhani miezi yote ni sawa.

Sasa tutatokaje. Deni lenyewe kwanza tulijue bei yake. Huo mkopo wako, 375 juu ya 5,000 ni asilimia 7.5 kwa mwezi, yaonekana kidogo, lakini wewe waurudia kila mwezi, kwa mwaka ni 4,500, umelipa karibu elfu tano kukaa na elfu tano ileile. Fuliza nayo ina ada ya asilimia moja ukiichukua, halafu kuna ada ya kila siku mpaka umalize, ndo maana deni la siku mbili lavumilika na la wiki tatu lauma. Na yajilipa yenyewe pesa ikigusa laini, haikuulizi kama mtoto amekula. Ukilinganisha, Hasla Fandi ile ya serikali iliyoanza Novemba 2022 riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka mzima, si kwa mwezi. Elfu tano kwa zile siku 14 zake riba haifiki hata shilingi 20, ingawa wanakukatia asilimia 5 ya mkopo wanaiweka akiba, na limiti waanzia chini, yaweza kuwa mia tano tu mpaka wakuzoee. Sikwambii ukakope huko leo, nakwambia ili siku ukibanwa kweli ujue mlango upi una bei gani kabla ya kubonyeza.

Daftari la dukani halina riba lakini lina mambo yake. Siku moja liombe ulisome ukurasa mzima, si jumla tu. Utakuta mafuta ya 50, sukari robo, majani ya kumi, sabuni kipande, mafuta ya 50 tena, unga kibaba, makaa ya kopo. Vitu vya kupimiwa hivyo ndo vyenye bei ghali kushinda vyote dukani, lita moja ya mafuta ukiinunua kwa vipimo vya hamsini hamsini utakuja kushangaa umelipa ngapi. Na mtu wa deni hachagui duka, hata ukijua kwa jirani unga umeshuka bei utaenda palepale kwenye jina lako. Simlaumu mwenye duka, yeye naye ana watu wake wa kulipa, na mara ngapi amekulisha.

Kwa hivyo sofa. Najua itauma lakini sofa ingoje. Ile elfu 20 ya Disemba, siku hiyohiyo, kabla hujafika nyumbani, lipa daftari lote, lipa mkopo wote, maliza Fuliza. Zimekwenda 12,975, umebaki na 7,025 na hiyo yote ni ya Januari, viatu vya mtoto na yunifomu na vile vitu vya shule vinavyokujaga kama havikujulikana na mwaka mzima vilikuwa vinajulikana. Halafu mkopo usiuchukue tena, hapo ndo watu wengi huteleza, wanalipa asubuhi jioni simu inawatumia meseji limiti yako imeongezwa, mkono unawasha. Kuna wanaokimbia deni kwa kubadilisha laini, usijaribu, jina lako litaandikwa CRB, kule wanakoweka rekodi za wasiolipa mikopo, na siku ukitaka mkopo wa maana Sacco au benki watakuonyesha.

Ukifanya hivyo, mshahara utakaofuata utakuja mzima, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. 24,847 ukitoa nyumba, chama na mama ni 15,347 mkononi, na hakuna anayeidai. Hapo ndo uanze kununua kwa keshi, mafuta lita, unga pakiti kubwa, mara moja kwa mwezi.

Na chama chenu mkianza mzunguko mpya Januari, omba zamu yako iwe Mei. Tafuta mwenzako mbadilishane, wa Mei wengi hawaitaki, watu wanapenda Disemba. Tazama inavyokaa: elfu mbili unayotoa kila mwezi tayari ni karibu nusu ya ile elfu nne na mia moja niliyosema si yako. Mei ikifika chama chakuletea elfu 20, karibu mshahara mmoja wa kweli. Bado yahitajika elfu mbili na mia moja kila mwezi kwa ajili ya Juni, hiyo ndo utabana, na usisahau Mei na Juni mchango wa chama bado wadaiwa, uweke pembeni mapema usije ukaaibika kwa wenzako. Hiyo pesa isikae kwenye simu. Tafuta Sacco uweke huko, nyingi mkopo wao ni kama asilimia moja kwa mwezi tena kwa salio linalopungua, na wanakupa mpaka mara tatu ya akiba yako.

Nikuambie ukweli, mwaka huu wa kwanza hautatimia. Kutoka Januari mpaka Aprili ni miezi minne tu, elfu mbili na mia moja mara nne ni 8,400, Juni haiendi mpaka mwisho hapo. Kwa hivyo bakshishi. Msimu wa kaskazi wageni wapo, Waitaliano wenyewe, usiku wa mwaka mpya, na wewe waingia vyumbani. Bakshishi na sevis chaji usizihesabu kama mshahara kabisa, zisipite hata mkononi, zote za Juni. Na hiyo Mei tafuta kibarua mapema, si ukishafungiwa geti, kuna watu wana nyumba za kukodisha wanataka mtu wa kufua na kusafisha na kazi hiyo waijua kushinda mtu yeyote mtaani kwenu.

Mama wa Marafa usimpunguzie. Ila mwambie mambo ya Mei yalivyo, wazazi wengi hawajui, waona mtoto yuko hoteli ya Wazungu wadhani ana pesa. Na ukienda kumuona gari la kurudi lisirudi tupu, kama kuna mahindi au muhogo shambani beba, hiyo ni wiki mbili dukani hujaenda.

Mkataba wako pia usome. Ikiwa wameandika ni wa msimu basi ndo hivyo, lakini ikiwa ni wa kudumu na kila Mei wakupa karatasi ya likizo bila malipo usaini, usiisaini umesimama mlangoni na begi. Iombe ukaisome nyumbani, muulize na mtu wa chama cha wafanyakazi.

SWALI

Mama mambo. Nikibeti mia kila siku na nikishinda hata mara moja kwa mwezi si rent imelipika? Mimi wa Barani.

JIBU

Mia kila siku ni elfu tatu kwa mwezi mwanangu. Chumba kimoja huko Barani hiyo pesa karibu yakilipa, na hapo hujasubiri timu ya watu wa Ulaya ifunge goli dakika ya tisini. Ushashinda tayari, mpelekee mwenye nyumba.

SWALI

Asalaam alaykum mama yangu. Niko Amu, mtaa wa Langoni, mume wangu ameajiriwa ofisini. Sijawahi kuiona pesilipu yake miaka yote hii, ila juzi nafua suruali nikaikuta imekunjwa mfukoni, yasema 36,000 na mwisho kabisa amebaki na 9,800. Makato ya mikopo yameshika karatasi. Nlikaa chini na zile nguo mbichi. Nakumbuka alikopa harusi ya dadake halafu akaongeza, sijui mara ngapi. Mimi nauza viazi vya karai na bajia jioni pale nje na ndizo zinazotulisha sasa, lakini kila nikitaka kununua unga wa dengu na mafuta ya kesho nakuta pesa imeshakwenda kwa samaki na maji na daftari la madrasa la watoto. Nimwambie nimeiona ama ninyamaze? Na je hiyo 9,800 ni halali kweli?

JIBU

Waalaykum salaam dadangu. Nianze na la sheria maana lina jibu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa 36,000 basi lazima abakiwe na 12,000 angalau. Hizo 9,800 zimepungua 2,200, kwa hivyo kama makato yote ni ya kwenye pesilipu, aliyeruhusu la mwisho lile alipitisha kitu hakikufaa kupita, na mumeo ana haki ya kwenda kwa afisa wa mishahara akauliza. Lakini angalieni vizuri, kuna mikopo benki hujikatia yenyewe mshahara ukishaingia kwenye akaunti, hiyo sheria ya theluthi haiigusi. Ikiwa hiyo nayo ipo basi nyumbani zafika hata chini ya 9,800.

Afisa akikataa au ikionekana ni ya benki, aende kwa aliyemkopesha aombe muda urefushwe ili makato ya mwezi yashuke. Jumla ya riba itapanda, hilo ajue, lakini mtu anayezama hajali bei ya kamba. Asichofaa kukifanya ni kuongeza mkopo juu ya mkopo tena. Hiyo ndo iliyomfikisha, kila akiongeza walimpa elfu chache mkononi na miaka ikaanza upya kuhesabiwa. Na harusi za Amu nazijua mie, mpishi, ng'ombe, nguo za kila siku ya shughuli, watu wakishakula pilau wakaondoka karatasi yabaki mfukoni mwa mtu miaka mitano.

Kumwambia, mwambie. Lakini si kwa kuja nayo mkononi mbele ya watoto. Ngoja akishatoka msikitini Isha, ameshakula, mwambie nguo nlikuwa nafua nikaiona, sikuitafuta. Halafu usianze na dadake. Anza na 9,800 na hiyo 12,000 ya sheria, maana hapo una habari ya kumpa, hukuja kumhukumu. Mwanamume anayeficha pesilipu mara nyingi si kwamba ana pesa pahali, ni aibu ya kuwa hana. Ikiwa ana pesa pahali pia tutajua, hesabu haifichi.

Sasa karai yako, maana ndo inayowalisha na inakufa mbele ya macho yako. Mtaji na faida umeviweka kwenye kibeti kimoja. Ukifunga jioni, kabla ya samaki kabla ya kitu chochote, toa pesa ya unga, viazi na mafuta ya kesho uiweke mbali, hata ukampe jirani unayemuamini akuwekee. Kinachobaki ndo cha nyumba. Siku kikibaki kidogo mle kidogo, lakini kesho karai itelekwe, maana siku ukila mtaji kesho huna cha kukaanga na hiyo ni siku mbili zimekwenda si moja.

Na acha kununua mafuta kwa chupa Langoni. Wewe wajua kila kitu hapo kimevuka maji kutoka Mokowe na kila aliyekishika ameongeza chake, boti, hamali, punda, mwenye duka. Wakina mama wangapi wanakaanga mtaani kwenu? Watatu wanne hamkosi. Changeni mtoe mtungi wa lita 20 na gunia la viazi moja kwa moja Mokowe, nauli ya mzigo na ya punda mgawane. Gunia mligawe siku hiyohiyo mbele ya wote, kwa mizani, msigawe kwa macho, nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa debe la viazi.

Mumeo akikubali mkae na hiyo karatasi, niandikie kila mkopo umebaki ngapi, wakatwa ngapi kwa mwezi na unaisha lini. Nitakupigia hesabu upi wa kumalizwa kwanza, jina silitoi wala ofisi siitaji.